Nukuu mia moja na kumi kutoka kwenye upatu wa mama mkwe

Mshauri mpendwa, kwanza shikamoo, nakuja kwako nimeinamisha kichwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, maana siku hiyo kamati ya kupandisha vyeo ya chuo chetu inakaa na mimi natakiwa kutia saini karatasi ambayo nikiisaini nimesema uongo, na nisipoisaini nimemvunjia heshima mama mkwe wangu, na katika nyumba yetu sijui lipi zito zaidi.

Mimi ni mhadhiri wa kompyuta hapa Tanga, nina miaka arobaini na moja, nina mke na watoto wawili, na utafiti wangu ni wa michoro ya kompyuta, yaani namna ya kuifanya kompyuta ichore kitu kikaonekana kama kilivyo kweli, na kwa miaka minane nimekuwa nikichora magofu ya Tongoni, ule msikiti na yale makaburi ya nguzo, nimepiga picha zaidi ya elfu sita, na nimeandika makala tano kuhusu jinsi mwanga wa jua unavyoingia ndani ya jiwe la matumbawe, ukatawanyika humo, kisha ukatoka, ndiyo maana jiwe lile saa kumi alasiri huonekana kama lina uvuguvugu ndani yake, wakati kompyuta isiyofundishwa hulichora kama tofali la saruji. Sasa wasomaji wako huenda hawajui kwamba sisi watafiti hatupimwi kwa tulichoandika, tunapimwa kwa idadi ya mara ambazo watafiti wengine wametunukuu katika makala zao, kuna mtandao unaohesabu, mtu yeyote duniani anaweza kuiona hesabu yako, na yangu baada ya miaka minane ilikuwa tisa, na katika hizo tisa, nne nilijinukuu mwenyewe.

Mkuu wa idara yetu, Dk. Haji, aliniambia kwa upole kwamba tisa haimpandishi mtu cheo, tisa ni idadi ya watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa asiye na ndugu. Nikarudi nyumbani nimenuna, mke wangu Hasina akamsimulia mama yake, Bi Mboni, ambaye tunaishi naye hapa Makorora, na mshauri lazima nikueleze huyu mama ni nani, ni kijumbe, ameendesha upatu wa wanawake mtaani kwa miaka thelathini na moja, upatu wa vyombo, wa kanga, wa magodoro, zamu za watu wote anaziweka kichwani, na haujawahi kuvunjika hata mmoja. Mimi kwa heshima ya ukwe siketi naye muda mrefu wala simtazami usoni ninapozungumza naye, lakini siku ile aliniita sebuleni akaniuliza mambo matatu. Aliuliza hizo nukuu anatoa nani, nikamjibu watafiti wenzangu. Aliuliza kama na wao wanazitaka, nikasema wote. Aliuliza mtu akitoa moja anapungukiwa na nini, na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu hapungukiwi na kitu.

Akasema, "Sasa mwanangu, mbona hamchezi?"

Nilidhani anatania, lakini baada ya wiki mbili tulikuwa watu kumi na wawili sebuleni kwetu, wote wahadhiri wa fani mbalimbali, tumeketi mkekani na chai na maandazi, na Bi Mboni akatoa masharti kama anavyotoa kwa wauza samaki, kwamba kila mwezi anapokea mmoja, na wale kumi na mmoja wengine kila mmoja ataandika makala mbili fupi kwenye jarida moja la mtandaoni ambalo huchapisha ndani ya siku nne na haliulizi mengi, na katika kila makala atazinukuu makala zote tano za anayepokea, kwa hiyo kumi na mmoja mara mbili mara tano, mtu anaondoka na nukuu mia moja na kumi kwa mkupuo. Kura zikapigwa kwa vikaratasi ndani ya bakuli, wa kwanza nikawa mimi. Wa mwisho akawekwa Ritha bila kura, mhadhiri msaidizi anayetafiti foleni ya malori pale Horohoro, kwa sababu yeye ana makala mbili tu na Bi Mboni aliona ni haki apewe muda wa kuandika tatu nyingine.

Wakalipa, mshauri, wakalipa kweli. Bwana Asheri wa mifugo peke yake ndiye aliyechelewa, na siku ya tatu Bi Mboni akaenda chuoni na wenzake wawili wa upatu wa kanga, wakakaa kwenye benchi la nje ya ofisi yake wakisuka ukili, hawakugomba wala hawakudai, waliitikia shikamoo tu za wanafunzi, na wanafunzi wakaanza kuingia mmoja mmoja kumpa Asheri pole wakidhani amefiwa. Saa tisa alasiri makala zake zote mbili zilikuwa mtandaoni. Moja inahusu ugonjwa wa kwato kwa mbuzi wa Handeni, na imeandikwa kwamba mbuzi anayechechemea huonekana vizuri zaidi pale mwanga unapotawanyika, halafu jina langu mara tano. Bi Kristina anayetafiti machungwa ya Muheza ameninukuu kwenye ganda la chungwa. Mchungaji Wilfred, ambaye ndiye anayetufundisha sote maadili ya utafiti, ameninukuu katika makala kuhusu dhamiri, eti kuna jambo humpenya mtu polepole kama mwanga ndani ya jiwe.

Mwanzoni nilifurahi, siwezi kukudanganya, nilikuwa naifungua ile hesabu kila nikimaliza kuswali, lakini ukishapokea unatoa, na sasa miezi mitano imepita, watano tumepokea, saba bado, nami nimeandika makala nane ndani ya miezi minne wakati zile tano za kwanza zilinichukua miaka minane, na makala yangu mpya kuhusu kivuli cha nguzo ina aya mbili za mbuzi, na nilipoipeleka kwenye jarida zito la nje nikitarajia waikatae, mwamuzi mmoja alijibu kwamba sehemu ya mbuzi ina upya, niirefushe.

Kisha likaja hili la mkutano. Kuna watafiti wa ng'ambo ambao kazi yao ni kuchora picha ya nani duniani anamnukuu nani, kila mtafiti nukta, kila nukuu mstari, na kwenye picha yao ya mwaka huu nukta yangu iko katikati ya kundi, kubwa kuliko zote, imezungukwa na mbuzi na machungwa na malori na dhamiri, wakaniandikia kwamba hawajapata kuona mtu wa michoro ya kompyuta aliyegusa fani nyingi namna hii, wananilipia tiketi niende kwenye mkutano wao nikawaeleze siri yake. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, mshauri, kutazama picha na kujua inasema nini, na nilipoiona tu nilijua, nukta tano kubwa na saba ndogo zimezizunguka, zile saba ni wale ambao zamu yao haijafika. Ni sebule yetu ile, imechorwa vizuri sana. Dk. Haji yeye ameichapisha kwenye turubai la mita tatu na kulitundika langoni, na sura yangu pembeni.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Tisa nikajumlisha mia moja na kumi ni mia moja na kumi na tisa, lakini mtandao unasema mia moja na ishirini. Nilihesabu mara tatu nikidhani Bi Mboni ameniongezea kwa ajili ya ukwe, nikaitafuta, nikaikuta. Ni makala ya mwanafunzi mmoja wa Mwanza, jina lake Lea, simjui, hanijui, ameandika kwamba wameijaribu njia ya Yasini hatua kwa hatua, na haifanyi kazi kwenye jiwe lililolowa, jiwe likilowa kompyuta inalichora jeusi kama mkaa. Nilikwenda Tongoni mvua ilipokatika, nikapiga picha, nikajaribu. Ni kweli. Miaka minane sikuwahi kupiga picha jiwe lililolowa, kwa sababu mvua ikinyesha nilikuwa naondoka kulinda kamera. Aliniandikia pia barua pepe kuniuliza, sasa ni wiki ya sita sijamjibu, sijui nimjibu kama nani.

Ile karatasi ya Alhamisi inasema kwamba nukuu zangu zimepatikana kwa njia za kawaida za kitaaluma. Nilimwambia Hasina nataka kujitoa. Alikuwa anapanga nguo, hakugeuka. Akasema, "Umepokea wa kwanza, leo unataka kutoka. Mtu wa hivyo hapa mtaani tunamwitaje, Baba Mwanaidi, au nikutajie?" Kisha akaniambia upatu huu ukivunjika, mama yake atakuwa amevunjiwa na mkwe, na hao wanawake waliomwamini miaka thelathini na moja watauliza kulikoni. Ritha naye mkataba wake unaisha Desemba, ametoa makala kumi kwa watu watano na hajapokea hata nukuu moja, ananiuliza kila tukikutana kama mambo yanakwenda vizuri. Naomba uniambie nifanye nini, na usiniambie niombe tu, nimeomba.

Yasini, Tanga

*

Yasini,

Majina yote ya barua hii nimeyabadilisha. Nilikupigia simu kabla ya kuichapisha, nikakuonya kwamba mtu anayechora magofu ya Tongoni kwa kompyuta ni mmoja tu na hata nikikuita Mzungu watu watakujua. Ukasema nichapishe. Kwa hiyo siri haipo tena, tuzungumze mengine.

Pole. Una wasiwasi unaostahili kuwa nao.

Nimesoma makala ya Asheri. Ina kurasa sita, na mbuzi wamo katika mbili. Nimesoma ya Mchungaji Wilfred kuhusu dhamiri, nikarudia kuhakikisha tarehe, na ni kweli aliituma siku moja kabla ya kutoa mhadhara wa udanganyifu katika utafiti. Nimesoma zako nane za karibuni. Sitasema kitu kuhusu hizo, unazijua. Ya Kristina kuhusu ganda la chungwa nimeisoma mara mbili. Mimi si mtaalamu, lakini nimeshika chungwa la Muheza nikalielekeza kwenye jua, na ganda linapitisha mwanga. Huenda Kristina amesema jambo la kweli bila kujua, kwa kuwa hakuisoma kazi yako, na wewe hukuisoma yake. Mmenukuliana na mlikuwa na la kuzungumza.

Sasa nikukemee. Barua yako ndefu, na ndani yake mama mkwe ndiye aliyeanzisha, mama mkwe ndiye aliyetoa masharti, mama mkwe ndiye aliyekaa kwenye benchi. Nimeisoma nikitafuta uongo uko wapi na nimeukuta kinywani mwako. Alikuuliza mtu akitoa nukuu anapungukiwa na nini, ukamjibu hapungukiwi na kitu. Lea wa Mwanza amepungukiwa na nini ili kukupa ile moja? Amekaa akakusoma, akatafuta jiwe, akalilowesha, akajaribu hatua kwa hatua, akashindwa, akarudia, ndipo akaandika jina lako. Labda miezi miwili. Hiyo ndiyo bei yake, na wewe mwenye shahada tatu uliijua. Ungemtajia Bi Mboni bei hiyo angekuuliza nani ana muda huo, na mngekunywa chai yenu mkalala.

Unaogopa kwamba upatu ukivunjika aibu itakuwa yake. Hilo sikutaka kulijibu kwa kukisia. Nilikwenda kwa vijumbe watatu, wawili wa Ngamiani na mmoja wa Makorora hukohuko, nikawauliza kila mmoja peke yake: ikigundulika kwamba noti zinazochangwa ni bandia, mnafanyaje? Wote watatu walijibu bila kufikiri. Mchezo unasimama siku hiyo hiyo, kila aliyepokea anarudisha, na kijumbe haaibiki, kwa sababu kijumbe hatengenezi noti. Wa Makorora, mama mmoja mkavu sana, aliongeza kwamba anayeaibika ni yule aliyejua tangu mwanzo, akangoja apokee kwanza ndipo aseme. Sikumtajia jina lako. Aliniuliza kama namzungumzia mtu fulani mwenye turubai langoni.

Kwa hiyo utafanya hivi.

Mtafute mshenga aliyekupelekea posa kwa Bi Mboni, kama yu hai, na kama hayupo mtafute mjomba wa Hasina. Jambo hili ni zito mno kwa mkwe kulisema mwenyewe akitazama mkeka. Mpeleke akamwambie kwa maneno mepesi kwamba noti zilikuwa bandia na wewe ulijua. Usimtume Hasina. Mkeo amekasirika kwa haki, umemfanya achague kati ya mume na mama kwa jambo ambalo hakuelezwa. Mweleze leo, kabla ya mshenga, na akitaka kukutajia lile jina, nyamaza asikie mwenyewe akilitamka.

Bi Mboni akishaelewa, atausimamisha upatu yeye mwenyewe, na mimi nisingependa kuwa Asheri siku hiyo. Kurudisha kwenu ni kuliandikia lile jarida la siku nne barua, kila mtu kwa makala zake, kuomba ziondolewe. Wewe una nane, anza na hizo. Jarida likikataa, weka barua yako hadharani. Ile ya kivuli cha nguzo iliyo mikononi mwa mwamuzi mpenda mbuzi, iombe urudishiwe, toa mbuzi, irudishe na kivuli peke yake.

Karatasi ya kamati usiisaini kama ilivyo. Andika kwa mkono wako: nukuu kumi, nne kati yake nimejinukuu mwenyewe. Ambatanisha maelezo ya ukurasa mmoja, mia moja na kumi zilipatikanaje na lini. Cheo hukipati mwaka huu. Huenda ukapewa adhabu, na itakuwa halali yako. Nilimuuliza ofisa mmoja wa chuo kingine, ambaye amekaa kwenye kamati kama hizo miaka tisa, mtu akija mwenyewe kabla hajaitwa hutendewaje. Alisema huandikiwa barua kali na huendelea kufundisha. Nikamuuliza akikamatwa je. Akaniomba tubadilishe mazungumzo.

Wale wa ng'ambo waandikie kwamba picha yao ni sahihi na wameisoma vibaya. Waeleze upatu ni nini, nukta tano kubwa ni nini, saba ndogo zinangoja nini. Uwaambie kama bado wanakutaka, utakwenda kuwafundisha namna ya kuutambua upatu kwenye picha, kwa kuwa nadhani una wenzako wengi duniani ambao hawakunywa chai sebuleni kwa Bi Mboni. Wakifuta tiketi, kaa Tanga. Dk. Haji mwombe ashushe turubai. Akikataa, panda ngazi uteremshe sura yako, iliyobaki ni yake.

Lea mjibu kama mtu aliyekosea kuhusu jiwe lililolowa. Hilo ndilo aliloliuliza. Mpelekee zile picha ulizopiga Tongoni baada ya mvua, zote, na umuulize anaonaje. Hahitaji kujua mambo ya mbuzi.

Nimemwacha Ritha mwisho kwa sababu ndiye anayenisumbua. Ninyi wengine mna mikataba ya kudumu na mlijua mnalolifanya. Yeye alikaribishwa na waliomzidi vyeo, sebuleni, kwenye mkeka, na mhadhiri wa maadili ameketi pembeni anakula andazi. Ametoa makala kumi za uongo na hajapokea kitu, na ukisimama Alhamisi ukasema kila kitu, makala hizo kumi ndizo zitakazomkuta Desemba. Nenda kwake kabla hujaandika neno kwenye ile karatasi. Mweleze unachokwenda kusema, siku gani, saa ngapi. Mwambie aombe kuonana na kamati hiyo hiyo, aende na barua yake ya kuondoa makala zake, na barua ya pili ambayo utaiandika na kuisaini wewe, inayosema nani alimwalika, nyumbani kwa nani, na kwamba alipewa nafasi ya mwisho akiwa mdogo kuliko wote. Wakikuuliza majina ya wale wengine, waambie kila mmoja ana miguu na mlango haujafungwa.

Anayeanza kusema huonekana amekuja mwenyewe, na anayefuata huonekana amefukuzwa akaja. Kwa hiyo Alhamisi fikeni mapema, mketi pamoja nje ya chumba cha kamati, na jina la kwanza likiitwa likiwa lako, mwambie karani mmebadilishana. Ritha aingie. Wewe subiri.